Mshenga Mwenye Pengo

Katika umri wake binadamu hukirimiwa meno mara mbili bila ya kuulizwa wala kutozwa senti: mara ya kwanza yale ya utotoni, ambayo wengi wetu tuliyarusha juu ya paa yalipong'oka, tukarudi mchezoni bila ya majuto, na mara ya pili haya thelathini na mawili ya ukubwani, ambayo hayana badala. Atakaye ya mara ya tatu hana budi kuyanunua, na bei yake, kwa jinsi nilivyoisikia kwa masikio yangu nikiwa nimelazwa chali chini ya taa kali, yatosha kumrejeshea mgonjwa nguvu za kuketi.

Jino langu, lile la mbele la juu lililo baina ya jino la katikati na chonge, lilivunjwa na changarawe iliyojificha katika wali wa nazi wa watu wenye heshima zao, na kwa kuwa nilikuwa mgeni wao sikuweza kuguta. Nilimeza wali, changarawe na kipande cha jino kwa mpango huohuo, nikamsifu mpishi. Mzizi uliobaki uling'olewa baadaye, likabaki pengo. Sasa yafaa msomaji afahamu ya kuwa katika aila yetu, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, mimi nahesabiwa msemaji, na barazani nikishika hadithi, muuza kahawa hutua dele lake chini kwa kujua kwamba hatuondoki karibu. Lakini pumzi ikipata mlango wa pembeni huacha ule wa mbele: kila penye herufi ya s nilitoa mluzi, na maadamu salamu na samahani zote zaanzia hapo, nilipopita kichochoroni asubuhi mbuzi wa jirani walinijibu kabla ya wenyewe.

Daktari wa meno alikuwa binti wa rika la wanangu, mpole wa sauti, mwenye mikono isiyotetemeka, naye aliniamkia kwanza, kisha akaniamuru nipanue kinywa, hivyo marahaba yangu ikaishia kooni.

"Ami," alisema, "njia ni tatu. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, unayalaza usiku ndani ya bilauri. Kuna jino la kupandikizwa kwa msumari wa titani unaokazwa katika mfupa wa taya. Na kuna daraja."

Ya kwanza niliikataa kwa sababu nyumbani kwetu bilauri ni chache na wajukuu ni wengi. Ya pili, ambayo Per-Ingvar Brånemark alimfanyia mgonjwa wake wa kwanza huko Uswidi mwaka 1965, ni ufundi wa ajabu, na bei yake nayo ni ya ajabu. Likabaki daraja, ambalo ni meno matatu yaliyoshikana: la katikati huelea juu ya pengo, na yale mawili ya kando ni matupu ndani, yakavishwa meno ya jirani yawe nguzo. Jambo hilo lilinipendeza mpaka nilipoelezwa ya kuwa, ili majirani hao wavikwe, sharti kwanza wachongwe pande zote wabaki vigutu. Wawili wale hawakuwa na tundu wala doa, hawakula ile changarawe, na hatia yao ilikuwa ujirani tu.

Nilijiliwaza kwa kukumbuka waliotangulia. Tabibu wetu mkubwa wa Andalusi, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake Al-Tasrif namna ya kufunga kwa uzi wa dhahabu meno yanayolegea, na namna ya kuweka mahali pa lililoanguka jino lililochongwa kwa mfupa wa ng'ombe; na kwa hakika mimi ningalipenda zaidi kuchongewa ng'ombe kuliko kuchongwa mwenyewe. Na George Washington, alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili. Watu husema meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, nao hukosea: miongoni mwa vitu alivyotengenezewa ni pembe ya kiboko, hivyo mnyama wa mito yetu alihudhuria mwanzo wa dola lile akiwa mdomoni. Alipoapishwa tena mwaka 1793 hotuba yake ilikuwa ya maneno 135, na mpaka leo hakuna rais wa huko aliyetoa hotuba rasmi ya kuapishwa iliyo fupi kuliko hiyo. Sisemi kwamba sababu ni meno. Nasema tu kwamba mimi ninayo dhana yangu.

Basi nikapigwa sindano ya ganzi, mdomo wa juu ukahama katika milki yangu, na kekee ikaimba. Baadaye nikatiwa kinywani sinia dogo lililojaa uji mzito wenye harufu ya mnanaa, uliokusudiwa kugandia meno na kuchukua umbo lake. Nilipoweza kuuliza umetengenezwa kwa nini, nikaambiwa asili yake ni mwani, nami nikapata fahari ya kizalendo mara moja. Kumbe ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si huu wanaoulima akina mama wa Paje. Ikafuata kazi ya rangi. Binti aliniletea ubao uliopangwa meno ya vivuli kumi na sita, kila kimoja na herufi yake, akayashindanisha na yangu, akatamka kwamba mimi ni A. Nilifurahi, kwani shuleni sikuwahi kuipata herufi hiyo, mpaka aliponisomea na tarakimu iliyofuata, ambayo ni nne, nikaelewa ya kuwa ndiyo iliyokolea kuliko zote za safu yake, nayo ni ushahidi wa kahawa yote niliyokunywa tangu ujana.

Umbo la meno yangu likapanda boti kwenda kwa fundi Dar es Salaam, nami nikabaki Unguja na daraja la muda, la plastiki, lililogandishwa kwa saruji dhaifu kwa makusudi, ili siku yake litoke bila ya ugomvi. "Ami, usile kitu cha kunata," akaniusia.

Ilikuwa katika muda huo huo mpwa wangu alipoamua kuoa. Barua ya posa ilikwisha kukubaliwa, na kikao cha kutaja mahari kikawekwa, na mshenga, kwa mujibu wa fasaha yake inayojulikana, ikaamuliwa awe mjomba. Tulipokelewa kwa taadhima, tukafukiziwa udi, tukamiminiwa kahawa. Kisha baba wa binti, mzee wa kilemba na fimbo, akamega tonge la halua kwa vidole vyake mwenyewe, halua nyeusi ya zafarani na iliki iliyojaa lozi, akalileta mpaka mdomoni mwangu. Hapana kijiji wala mji katika pwani hii ambamo mshenga huweza kulikwepa tonge la mkwe na posa ikasimama. Nikapokea.

Halua ile ilikuwa halali ya sifa zake zote, na miongoni mwazo ni mshiko. Nilipofunga taya na kuifungua, nilihisi daraja limehama makao. Lilikuwa sasa katikati ya tonge, pamoja na lozi, na ulimi wangu, ambao kwa miaka mingi umesifiwa kwa kupambanua maneno, ulishindwa kabisa kupambanua lipi ni lozi na lipi ni jino. Kutafuna niliogopa, kumeza niliogopa zaidi, na kutema mbele ya wakwe ni jambo ambalo hata kulifikiri ni ukosefu wa adabu. Nililihifadhi tonge lote shavuni, nikafumba mdomo juu ya vigutu viwili na pengo, nikaikunja mikono yangu mapajani.

Mzee akaanza. Alitaja mahari, nikamtazama. Akangoja jibu, na alipoona halitoki, akasema kwamba bila shaka hesabu hiyo ina nafasi ya kuzungumzika, akaipunguza. Akataja kilemba cha baba. Nikashusha pumzi kwa pua, kwa sababu ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki wazi. Kilemba kikasamehewa. Akataja mkaja wa mama, na hapo kipande cha lozi kikanipalia, nikafumba macho kwa uchungu, machozi yakanilengalenga. Wazee wa upande wa pili wakainamiana, wakanong'ona, wakasema mkaja nao utakuwa ni chochote kitakachopatikana. Jirani yangu wa kulia, sheikh aliyekuja kutusindikiza, alinikaribia sikioni akaniambia kwamba tangu azaliwe hajaona hikima ya kunyamaza iliyotimia kiasi kile. Ilipofika zamu ya kuitikia nikainua mikono tu, kikao kizima kikafuata, ikasomwa Fatiha. Daraja nililikuta nyumbani, ndani ya leso, likiwa limekumbatiana na lozi mbili.

Meno ya kaure yalifika kutoka Bara, yakagandishwa kwa saruji isiyo na masihara, na kwa hakika yamenikaa vizuri: muhogo nautafuna, s inapita palipo pake, na mbuzi wamerejea kwenye shughuli zao. Barazani nimerudi kushika hadithi. Ila hivi majuzi mdogo wake yule bwana harusi naye ametaka kuposa, wazee wakakutana kuchagua mshenga, jina langu likatajwa na kufuatwa na kimya kirefu ambacho, kwa mara hii, hakikuwa changu. Ndipo dada yangu mkubwa, mama wa vijana hao, aliponivuta pembeni kwa upole, akaniuliza:

"Mdogo wangu, lile la muda umeliweka wapi?"