Mirunda ya Kukodi

Dada alishuka na treni ya umeme stesheni ya Soga Ijumaa jioni, begi mgongoni na neno moja mdomoni: kuunganisha. Anasoma uhandisi wa ujenzi Mlimani, mwaka wa tatu, na kabla hatujafika nyumbani nilishajua kwamba Uingereza kuna kozi ya uhandisi ambayo mtu huingia akitokea sekondari na baada ya miaka 4 hutoka na shahada ya uzamili. Anasoma moja kwa moja, hakuna kushuka njiani.

“Miaka minne?” Mama aliuliza. “Si ndiyo hiyo hiyo mnayoimalizia nyie kwenye ya kwanza peke yake?”

Dada alikubali kwa uchungu. Hapa kwetu uzamili unaongeza kama miaka 2, halafu Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo inataka mafunzo ya kazini, kwa kawaida miaka 3, kabla haijakusajili kuwa mhandisi mtaalamu. Mama alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye harusi, akaacha.

Mpango wa Dada ulikuwa kumwandikia mkuu wa idara barua, aruhusiwe kuanza masomo ya uzamili akiwa bado mwaka wa nne.

“Behewa haliunganishwi treni ikitembea,” alisema Baba. Baba ni mtu wa reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, na hii mpya ya milimita 1,435 anaipanda huku amenuna.

Alikuwa juu ya ngazi wakati anasema hayo. Wiki hiyo alikuwa anajenga mnara wa tanki nyuma ya jiko: kuta nne za tofali na zege juu, ili simtanki la lita 1,000 likae huko na maji yashuke yenyewe bafuni. Zege lilimwagwa Jumatatu. Mirunda ya kulishikilia ilikodiwa kwa siku, na kodi ya siku humkosesha Baba usingizi. Jumamosi asubuhi akamwambia fundi aing’oe.

“Baba, zege lina siku tano!”

“Limekauka. Gonga usikie.”

“Kukauka siyo kukomaa. Linamwagiwa maji, linangojwa. Sisi nguvu yake tunaihesabu siku ya 28. Na lita elfu moja za maji ni tani moja.”

Baba akafuta jasho. “Wewe unataka kuifanya miaka sita iwe mitano. Mimi nimeunganisha siku 28 zikawa tano. Sasa hapo mwenye haraka nani?”

Dada alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotugharimu jiko.

Mimi nilipewa kazi ya kupiga kelele tanki likijaa. Sikupata nafasi. Lilipofika kama nusu nilisikia kitu kama mtu anavunja muwa, kisha tanki likainama taratibu, mithili ya mzee anayesinzia kwenye baraza, likaangukia jikoni. Maji yakazoa mkaa, sahani, na sufuria ya kisamvu hadi kwenye mihogo. Kuku walisalimika kwa sababu ya tabia yao mbaya ya kushinda kwa jirani. Baba alikuwa bafuni, anaoga kwa ndoo.

Alitoka na povu masikioni, akatazama. Mama alisimama na mwiko bila sufuria. Tanki lenyewe halikupata hata mkwaruzo.

“Kokoto mbaya,” alisema Baba. Fundi akainamia viatu vyake.

Zege la pili lilimwagwa wiki iliyofuata. Dada alichora kwa mkaa mistari 28 ukutani, Baba akate mmoja kila asubuhi akishamwagia maji, kisha akarudi chuoni na barua yake ikiwa bado begini. Kodi ya mirunda ilipoizidi bei ya saruji, Baba aliomba simu yangu. Alimsalimia Dada, akamuuliza hali ya masomo, halafu akashusha sauti:

“Mwanangu, hivi huko Uingereza, zege nalo linangojwa siku 28?”