Jinsi ya Kumjengea Nyota Nyumba Asiyoijua

Unampenda mwimbaji, naye hana habari nawe. Usikonde. Dawa ya maradhi hayo ilipatikana Marekani katikati ya miaka ya 1990: mjengee tovuti. Vifaa ni kompyuta, HTML kidogo (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na usiku usio na usingizi.

Kwanza, tafuta kiwanja. Enzi zile kampuni ya GeoCities iligawa viwanja vya bure vya tovuti kwa mitaa: wapenda filamu Hollywood, wapenda roki SunsetStrip, wapenda visa vya anga Area51. Siku hizi nenda Neocities, iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu wenye ugonjwa kama wako.

Pili, kabla ya tofali la kwanza, weka bango la "Ujenzi unaendelea", lenye kijana anayechimba bila kuchoka. Usilitoe kamwe. Tovuti iliyokamilika ina hasara moja: mwenye nyumba hukosa kazi.

Tatu, pamba. Nyuma weka nyota za angani, nyingine zifuate kipanya, na juu yake maandishi ya njano, kwa Comic Sans. Amri ya blink, iliyokuwa ikiyafanya maneno yakonyeze, vivinjari vimeshaizika. Shukuru kwamba marquee bado inayatembeza. Muziki wa MIDI uanze wenyewe, na kitufe cha kuuzima ukifiche vizuri. Mwezi ujao bomoa yote, upake rangi nyingine na utangaze "Toleo la 7".

Nne, picha. Usiziite moja kwa moja kutoka seva ya mwenzako ili zionekane kwako huku yeye akilipia. Nguo ya kuazima haisitiri matako: akigundua, ataibadilisha ile picha huko huko kwake, na asubuhi mpendwa wako atakuwa amegeuka punda mbele ya wageni wote.

Tano, weka kihesabu cha wageni. Kikisoma 212, usijiulize ni mara ngapi uliingia mwenyewe kutazama kama kimepanda. Haba na haba hujaza kibaba.

Sita, tafuta majirani. Ingia kwenye webringi, mpango alioueneza Sage Weil katikati ya miaka ya 1990: kila tovuti inamsukuma mgeni kwa inayofuata, hadi azunguke na kurudi alikoanzia. Bandika vitufe vya wenzako, vyenye upana wa pikseli 88 na kimo cha 31, nao wabandike chako. Kisha fungua orodha ya mashabiki, kila mmoja jina na nchi yake. Wa kwanza ni wewe. Wa pili ni binamu yako, aliyelazimishwa.

Saba, jiandae kwa barua ya mwanasheria. Mwishoni mwa mwaka 2000 Warner Bros. iliwaandikia wenye tovuti za Harry Potter, watoto wakiwemo, ikidai majina ya tovuti zao. Watoto wakagoma pamoja na wenzao, na kampuni ikalegeza kamba. Ndivyo mapenzi yanavyotambuliwa rasmi.

Nane, tunza nakala. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola, na Oktoba 2009 ikaifunga. Wapangaji wengi walipokumbuka kurudi, mtaa haupo. Wanaharakati wa Archive Team waliokoa walichowahi kubeba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, fungua kitabu cha wageni na usubiri. Nyota wako hatasaini, ana shughuli. Lakini usiku mmoja mtu usiyemjua, wa nchi usiyowahi kufika, ataandika mstari mmoja: "Hizo nyota zinazofuata kipanya umezifanyaje?" Hatamtaja mwimbaji hata kidogo. Mjibu upesi, tena mpe na msimbo wote. Huyo ndiye uliyekuwa ukimjengea.