Hiari kwa Kufuli Tatu
Kuna wasomi ng'ambo wanaosema serikali ingefaa iwe mkataba wa hiari: ukiridhika unabaki, usiporidhika unafungasha. Wanalitangaza kama wazo jipya. Waje Suma, wilayani Rungwe, wakae chini ya mgomba, wazee wa Kinyakyusa wawachekee kidogo. Zamani huku vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, na mtu aliyechoshwa na majirani au chifu wake alihamia kwingine. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyaandika hayo kitabuni mwaka 1951. Chifu aliyekimbiwa na watu alibaki kuwatawala ng'ombe, kwa hiyo adabu ilimjia bila semina elekezi.

Kisha tukastaarabika. Mwaka 1967 tuliambiwa kijiji cha ujamaa ni hiari ya mtu. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakuwahi kuliona lori la Operesheni Vijiji likihamisha watu.

Siku hizi hiari imejificha kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Anayechelewa analipa faini papo hapo, hata akiwa mwenyekiti. Mzunguko ukiisha mnagawana, na asiyeridhika harudi.

Nchi nzima iendeshwe hivyo? Hapana jamani. Waheshimiwa wakianza kutozwa faini kila wanapochelewa mkutano, wakusanya kodi wa TRA watabaki na kazi gani?