Utetezi wa Mjusi Kafiri

Naomba kusimama upande wa mshtakiwa. Yupo hapa ukutani kwangu, Singida, karibu na taa, ngozi ya tumbo imekuwa nyembamba kiasi kwamba mayai yake mawili yanaonekana, na ananitazama kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.

Maskini, hata jina hakupewa kwa wema. Huku ni kafiri. Wazee wa pwani husimulia kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na kesi hiyo mimi siiwezi. Mwaka 1818 Mfaransa mmoja, Alexandre Moreau de Jonnès, akamwandika vitabuni kutoka visiwa vya Karibi kwa jina la mabouia, neno la wenyeji wa huko la pepo mbaya. Mjusi wa watu kavuka bahari nzima, akakuta tusi linamngoja bandarini.

Kosa lake kubwa, nakiri, ni kinyesi. Juzi kimedondokea barua yangu ya kuomba kazi, nakala ya tatu, palepale kwenye "Ndugu Mkurugenzi". Kabla sijakipangusa nilikiinamia: kijiti cheusi mfano wa punje ya wali ulioungua, na nchani doa jeupe kama chokaa. Doa lile ndilo mkojo wake! Wetu huondoka na maji. Yeye huyarudisha mwilini, akatoa machicha. Mvua ya huku ikishaaga Aprili, hadi Novemba unabaki na majabali na vumbi, na maji nanunua kwa dumu. Kati yetu wawili, nani mchafu na nani mwenye akili ya kuishi nchi kavu?

Kope hana. Vumbi likimwingia anatoa ulimi, anafuta jicho la kulia, anafuta la kushoto, basi. Mimi kunawa uso tu kopo zima linakwisha.

Na ukimbana, anakuachia mkia ukirukaruka sakafuni, mwenyewe keshafika darini. Mbinu hiyo ningeitumia kwa wanaonidai, ila sina cha kuwaachia.

Wenzake wa huko nje kwenye nyufa za mawe huwinda gizani. Huyu wangu kahamia mjini, wadudu anakusanyiwa na taa, bili nalipa mimi.

Barua nimeiandika mara ya nne. Meza nimeisogeza, taa nimeiacha palepale.