Kwa Heshima ya Harufu ya Sigara Garini

Watu wa mjini hawana shukrani. Gari likishuka bandarini wanamsifu mwenye kiwanda, wanaisifu meli iliyolivusha, wakizidiwa na furaha wanamsifu hata dalali. Lakini kuna aliyesafiri ndani ya gari hilohilo kutoka Yokohama mpaka Dar es Salaam, wiki kadhaa madirisha yamefungwa, bila tiketi wala chakula, akafika mzima na nguvu zake zote, na hakuna anayemtaja ila kwa kukunja pua. Naizungumzia harufu ya sigara. Tumeionea vya kutosha, na leo naisimamia.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee, lakini wazee hawakuwahi kuingia yadi ya magari ya Japani. Humo kila kitu kinajitembeza. Tairi zimepakwa dawa nyeusi, injini imeoshwa mpaka inaziaibisha sufuria za jikoni, dashibodi inateleza kwa mafuta ya kung'arishia. Kilomita zimepungua njiani, jambo ambalo hakuna gari duniani linaloliweza kwa kutembea, na kifaa cha kuzipunguzia kinaenea mfukoni mwa fundi. Siti zimevishwa kava mpya ili usiulize habari za zile za zamani. Katika mkutano wote huo wa vitu vilivyofundishwa kusema uongo, ni harufu peke yake iliyogoma. Haina kitufe cha kuirudisha nyuma. Haipigwi rangi, haibadilishwi namba, haihongwi. Inasubiri mlango ufunguliwe, ikuambie kila kitu juu ya mwenye gari wa kwanza kasoro jina lake.

Wala si shahidi wa kuokotwa barabarani. Kule Japani, kabla gari halijapigwa mnada, wakaguzi hulikagua na kuliandikia karatasi. Gari zima hupewa namba, 4.5 au 4 au 3.5, lililogongwa likatengenezwa hupewa R, na sehemu ya ndani hupewa herufi yake kuanzia A kwenda chini. Harufu ya sigara huishusha herufi hiyo, na tundu la moto kwenye siti huandikwa. Kwa hiyo mheshimiwa huyu yumo kwenye nyaraka. Shida ni kwamba karatasi yenyewe ikifika kwetu huwa inalala kwenye droo, na ikitolewa, imejaa Kijapani, anayeionyesha na anayeonyeshwa wote wanatikisa kichwa. Badala yake tunatumiwa picha. Picha za kila pembe, za ubavuni, za boneti, za chini ya zulia, na hakuna hata moja yenye pua.

Ina pia ukoo. Katikati ya miaka ya 1960 zaidi ya wanaume 80 katika kila 100 wa Japani walikuwa wanavuta sigara, na viwanda vya magari vilijua vinamtengenezea nani. Gari lilitoka na kisahani cha majivu na kibiriti cha umeme, kama vile leo linavyotoka na mikanda. Wavutaji huko wamepungua sana tangu wakati huo. Kisahani kimeondoka, kibiriti nacho kimeondoka, lakini tundu lake limebaki palepale kwenye dashibodi, na ndilo unalochomekea chaja ya simu kila siku. Umekuwa ukizuru kaburi la mtu bila kumsomea chochote.

Tuje kwenye elimu yake, maana hapa ndipo inapowazidi mafundi wetu. Chembe za moshi wa sigara ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Zinapenya mahali ambapo kitambaa cha muosha magari hakitafika mpaka kiama: ndani ya sponji la siti, kwenye kitambaa cha dari, kwenye mkanda uliojiviringisha ndani ya nguzo, kwenye njia za hewa, na juu ya mapezi ya AC ambayo hayakosi unyevu. Nikotini ikishika hapo haiombi ruhusa ya kuendelea na kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory, California, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu hukutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani, ambayo injini na majiko ya gesi huitoa, na viwili hivyo huzaa nitrosamini, kemikali za saratani. Walizikuta hata ndani ya gari la mvutaji. Yaani mvutaji ameshalipwa pesa zake, amenunua gari jingine, pengine ameacha na sigara yenyewe, na huku nyuma shughuli inaendelea. Na ukarimu wake hauna ubaguzi. Mtoto wa siti ya nyuma, asiyejua hata kuwasha kiberiti, hugusa siti, hujilamba mkono, naye akapata fungu lake.

Adabu zake zimeniacha hoi. Saa moja asubuhi, kukiwa na ubaridi, haitoki. Inajua ndio wakati wa wateja. Ukiliacha gari juani Kariakoo hadi saa saba mchana, dari ikapata moto, ile lami nyembamba ya moshi iliyonywewa na kitambaa inaanza kutoa mvuke, na hapo ndipo inapokukaribisha. Masika nayo, unyevu ukijaa, inajongea karibu zaidi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumempa, amelima, na bado yupo. Kwanza tulimtundikia pafyumu ya karatasi yenye umbo la mti. Mti huo ulibuniwa na mkemia Julius Sämann mwaka 1952 huko Watertown, New York, na inasimuliwa kwamba aliyemchochea ni dereva wa maziwa aliyelalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika garini. Kwa maziwa, sawa. Kwa sigara, unachopata ni sigara na vanila, na abiria anayeingia anadhani kuna mtu amevutia ndani ya bekari. Shangazi wa Tanga akaja na chetezo, akalifukiza gari kwa udi na ubani. Sitaki kusema neno juu ya udi, mila ni mila, ila kupambana na moshi kwa moshi ni kumpelekea harufu yetu mchumba. Wamejaribu mkaa kwenye bakuli, wamejaribu unga wa kahawa, wamemwaga bekingi soda kwenye siti wakaiacha ilale ndipo wakaifyonza. Vyote hivyo hupunguza kidogo, na vyote vinanufaisha muuza duka kuliko mwenye gari.

Siki ndiyo yenye akili kidogo. Nikotini ina asili ya alkali, siki ni asidi, zikikutana nikotini inakubali kuyeyuka kwenye maji na kufutika. Plastiki, vioo na mikanda hutoka vizuri kwa njia hiyo. Ni heshima gani hii, adui anayekubali kuondoka kwa kanuni za kemia tu! Ila jiandae kukaa siku mbili kwenye gari linalonuka achari.

Halafu kuna kijana wa kuosha magari mwenye mashine ya ozoni. Huyu nisimdharau, kwa kuwa ozoni kweli huzivunja zile kemikali zenye harufu. Lakini huunguza pia mapafu ya atakayebaki ndani, na ikizidishwa hukausha mipira ya milango ikapasuka, kwa hiyo mashine huwashwa gari likiwa tupu na milango huachwa wazi muda mrefu baadaye. Na lami iliyobaki kwenye sponji haijaguswa. Baada ya wiki chache za jua inarudi kazini na afya njema.

Anayetaka kuitoa kweli lazima aiage rasmi. Siti zing'olewe zioshwe kwa kufyonzwa, kapeti litoke lote lianikwe, mapezi ya AC yaoshwe kwa dawa yake. Filta ya AC itolewe, ambayo kwenye Toyota nyingi imekaa nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na wenye magari wengi hugundua siku hiyo kwamba ipo, ikiwa bado na majani makavu ya miti ya Japani. Dari ifutwe kwa mkono mwepesi na maji kidogo, kwa sababu gundi yake ikilowa inaachia, na kitambaa kinawashukia abiria vichwani. Mwanasiasa gani wa kwetu anahitaji sherehe ya namna hiyo ndipo atoke ofisini?

Sijaigusia huduma yake kubwa, ya kushusha bei. Sikiliza mazungumzo ya yadi.

"Kaka, mbona linanuka sigara?"

"Hiyo si sigara dada yangu, hiyo ndiyo harufu ya Japani. Gari likiwa halijaguswa linanukia hivyo."

"Japani yote inanuka hivi?"

"Dada, hebu washa AC kwanza, usikie ubaridi."

Dada anawasha AC. Harufu, iliyokuwa imejilaza kwenye mapezi, inasimama na kumsalimia usoni. Dalali anakohoa. Kuanzia hapo laki zinadondoka mojamoja, bila mjomba wa kusaidia kupatana, bila kuapa kwa mtu. Ukweli wenyewe mapenzi na kikohozi havifichiki, na aliyetunga methali ile, kama angekuwa na gari, angeongeza la tatu.

Nyumbani nako inatumika. Gari la namna hii haliazimwi mara mbili. Shemeji aliyelichukua kwenda harusini anarudisha funguo kabla ya keki. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kugusa sigara maisha yake yote anashuka kwenye Toyota IST yake Jumapili, waumini wanatazamana, na kwa mara ya kwanza anajifunza ilivyo kushukiwa. Miaka ya mahubiri haikumfikisha hapo.

Na wanaoiita mgeni wakumbuke jambo moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta Urambo, Tabora, mradi wao wa karanga, karanga zikawashinda, na ardhi ile ikageukia tumbaku. Tangu 1999 mwenye hisa nyingi katika kampuni ya sigara ya Dar es Salaam ni Japan Tobacco, haohao Wajapani. Nani atanizuia kufikiri kwamba jani moja lilikaushwa Tabora, likasafiri, likavutwa kwenye foleni ya Osaka, na sasa linarudi nyumbani ndani ya Toyota Vitz? Tunalitoza ushuru gari, na mzalendo huyu tunamfukuza kwa siki.

Kwa hiyo ukienda kuliangalia gari, iombe harufu miadi kwa heshima. Usiende asubuhi, nenda saa saba mchana. Usijipulizie manukato. Utamkuta dalali amefungua milango yote minne tangu alfajiri, atakwambia gari linapata hewa. Mwombe aifunge, mpandishe vioo, mkae nje kivulini nusu saa mnywe kahawa, kisha muingie wote wawili, mfunge mlango na kuwasha AC ile ya kuzungusha hewa ya ndani. Kahawa ikiwa bado ya moto, dalali atakumbuka ghafla kwamba ana mteja anamsubiri Tegeta.