Gome la Bi Kobe

Bonde la Mbuyuni lote lilikuwa chini ya Baraza la Ndovu. Mnyama hakuuziwa ardhi pale, alikodishiwa. Baraza lilimchongea gome la mgunga lenye jina lake, mipaka ya ploti yake, mwaka wa kuanza na idadi ya miaka. Zamani, Simba wa ng'ambo ya mto walipokitwaa kiti cha Baraza, walijichongea magome ya miaka 99. Baadaye wakaona haitoshi, wakachonga mengine ya miaka 999. Hilo sikulitunga. Nchini Kenya, sheria ya kikoloni ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi lizi za miaka 99, na ile ya 1915 ikazifikisha 999, mpaka Katiba ya 2010 ilipoweka kikomo cha miaka 99 kwa kila asiye raia.

Babu yake Bi Kobe alipata gome la miaka 99 kwenye ploti iliyo karibu na chemchemi. Alijenga, akapanda miembe, akafa. Mwanawe naye akaishi pale mpaka akafa. Bi Kobe akazaa na kulea papo hapo, na kila mwaka alijikokota hadi ofisi ya Baraza na kapu la ukwaju, ndiyo kodi ya ardhi. Karani wa dirisha la kwanza, Panyabuku, alilipokea kapu na kumpa risiti. Risiti zote Bi Kobe alizihifadhi pamoja na gome, ndani ya chungu kilichofunikwa vizuri. Gome lenyewe hakuwahi kulisoma. Alijua lipo, na kwake hilo lilitosha.

Jirani yake Nungunungu, ambaye ploti yake ilitolewa mwaka mmoja na ile ya Bi Kobe, alitaka mkopo wa kujenga nyumba ya pili. Akaenda kwa Nyuki, wakopeshaji wa bonde. Nyuki wakaliomba gome, wakahesabu, wakamrudishia. Miaka iliyobaki ilikuwa minane. "Tukikukopesha, rehani yetu itatutoka mikononi kabla hujamaliza kulipa," walimwambia. Nungunungu alirudi nyumbani hana mkopo, lakini sasa alijua kitu ambacho hata babu yake hakuwahi kumwambia: miaka iliyo kwenye gome hupungua hata mwenye nyumba akiwa amelala.

Hakungoja. Aliandika maombi ya kuongezewa muda gome likiwa bado hai. Twiga, mpima ardhi, akaja kukagua mipaka. Wakaulizwa wa maji na wa njia kama wana haja na ploti ile. Thamani ya ardhi ikakadiriwa upya, ada ikapangwa, na kodi mpya nayo ikapanda. Ilichukua misimu kadhaa na safari nyingi, na zaidi ya mara moja aliambiwa faili halionekani. Hatimaye akachongewa gome jipya. Jioni ile ile akaenda kwa jirani.

"Shikamoo, Mama. Gome lako na langu ni la mwaka mmoja. Liangalie."

"Marahaba, mwanangu. Mimi kodi nalipa kila mwaka. Anayepokea kodi yangu atanifukuzaje?"

Nungunungu alimweleza kuwa kodi ni malipo ya mwaka uliopo na hainunui mwaka mwingine. Bi Kobe alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha uji, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Simlaumu sana. Kizazi cha tatu kikiwa mahali pamoja, ni vigumu kuamini kwamba mahali hapo pana tarehe ya mwisho.

Sheria ya bonde ilimlinda, kwa maandishi. Ilisema kwamba gome likibakiza miaka mitano, ofisi imjulishe mwenye ploti tarehe ya mwisho na haki yake ya kupewa nafasi ya kwanza. Panyabuku wa dirisha la pili, ndugu wa yule wa dirisha la kwanza, alimtuma Mbayuwayu na barua. Barua iliandikwa jina la babu, ikapelekwa kwenye tundu la mti uliokatwa enzi za babu. Mbayuwayu akairudisha, na karani akaandika kwenye faili: mwenye ploti hapatikani. Wiki hiyo hiyo Bi Kobe alikuwa amesimama dirisha la kwanza, hatua chache kutoka pale, akikabidhi kapu lake la ukwaju.

Fisi alikuwa na desturi ya kula na makarani. Yeye hakuhitaji barua. Tarehe za magome yote ya kando ya chemchemi alizijua kwa moyo. Gome la Bi Kobe lilipoisha, alifika kesho yake na gome jipya lenye jina lake, akaanza na miembe.

Kesi ilikaa barazani misimu mitatu. Bi Kobe alimwaga risiti zake zote mbele ya Ndovu. Ndovu mkuu akamuuliza Panyabuku wa dirisha la pili, "Ukwaju huu ofisi yenu ilikuwa ikiupokea kutoka kwa nani, ikiwa mwenye ploti hapatikani?" Panyabuku alitazama miguu yake. Baraza likaamua kwamba gome la Fisi ni batili, kwa sababu aliyekuwa akiishi pale hakupewa kwanza nafasi aliyostahili. Bi Kobe akaambiwa aombe upya, kwa thamani ya siku ile. Alipewa ploti yake, bila mwembe hata mmoja, na deni la ada ambalo wajukuu bado wanalilipa. Panyabuku alihamishiwa dirisha la visima.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki, lakini ulichelewa, na kosa kubwa lilikuwa la ofisi. Ofisi inayoweza kumpata mtu kila mwaka kumtoza kodi haina udhuru wa kushindwa kumpata kumpa taarifa.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshatambua sheria ya bonde hilo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka aliyekuwa na lizi apewe nafasi ya kwanza muda wake ukiisha, mradi awe raia na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Kanuni za 2017 zinadai taarifa itolewe ndani ya miaka mitano kabla ya lizi kwisha. Zinatenganisha pia maombi ya kuongeza muda, yanayofanywa lizi ikiwa hai, na ya kuihuisha ikishakwisha. Nungunungu alipitia mlango wa kwanza, Bi Kobe wa pili.

Basi itoe hati yako leo. Tazama tarehe ya kuanza, kwa maana miaka huhesabiwa kutoka hapo, hata kama wewe ulinunua nyumba juzi. Ikibaki miaka michache, peleka maombi na usingoje barua. Na ikiwa jina lililoandikwa ni la marehemu, anza na mirathi, maana marehemu hawezi kutia sahihi kwenye fomu ya maombi.