Taa Zilizozama Kweli

Mume wangu alikwenda harusini katika hoteli moja ya Shangani, akarudi na maradhi. Kule, akasema, balbu haionekani. Taa zimezama darini, unaona mwanga tu. Tangu usiku ule taa ya ukumbini kwetu Mwembetanga akawa haitaki hata kuitazama.

"Nyumba za kale za Mjini dari zake boriti za mikoko na chokaa," mama yake, Bi Mkubwa, alimwambia. "Hapo wangezamisha nini? Hiyo dari ya jana tu."

"Na yetu pia ya jana, mama. Jipsamu."

Fundi akaja Ijumaa asubuhi. Akaing'oa taa ya zamani, akapanda ngazi, akaifudikiza taa mpya kwenye jipsamu, akaizungushia penseli, akakata. Matundu 12, mviringo kama mikate ya mofa. Akaichomeka ya kwanza. Ikapita yote, ikaenda kulala juu na panya.

Kumbe mwili wa taa ni sentimita 9, ukingo 11. Tundu hukatwa kwa kipimo cha mwili. Ukingo hubaki chini kulificha, na springi mbili huibana dari kwa juu. Yeye kapima ukingo.

"Nakuja sasa hivi," akasema. Hatukumwona tena.

Mtaa mzima una umeme, sisi tumewasha kandili: ileile iliyotustiri umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009, tukakaa kiasi cha miezi mitatu. Mchana joto la bati likitushukia kwa matundu 12, pamoja na vumbi na mavi ya mijusi. Chakula tulikila kwa kuvizia: Bi Mkubwa ananyanyua kawa upande mmoja, anamega tonge, anafunika.

"Mama, nisamehe."

"Mimi una nini na mimi? Panya ndio wakushukuru, umewatilia madirisha."

Baada ya wiki mbili seremala wa jirani akatuchongea pete 12 za mbao za kupunguza matundu. Bei yake ilizishinda taa zenyewe.

Usiku ule zikawashwa zote. Mwanga ukashuka wima, ukatutia vivuli chini ya macho. Bi Mkubwa akamtazama mwanawe kwa muda.

"Mbona umezeeka ghafla?"

Kisha akatazama juu, akaivuta sinia karibu yake, akaifunika kawa.